Kasongo, River Road na tarehe 31 Desemba 2027

Leo naweka kando mambo ya seva. Au niseme nitajaribu, kwa sababu kila nikianza kuandika habari za muziki wa zamani najikuta nimerudi kwenye majedwali yale yale ya hifadhidata. Habari yenyewe ni ya wimbo mmoja, Kasongo, wa Orchestra Super Mazembe, uliotoka Nairobi mwaka 1977.

Kama ulikuwa Kenya mwishoni mwa 2024, huhitaji kuelezwa ni wimbo gani. Ulikuwa kwenye matatu, harusini, TikTok, X, hadi kwenye midomo ya wanasiasa. Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya bendi kuvunjika walikuwa wakiuimba kwa Lingala ambayo hawaijui hata salamu yake. Jina hilo alipachikwa Rais William Ruto, baada ya lile la Zakayo la mwaka uliotangulia, na yeye mwenyewe akalifanyia mzaha hadharani.

Siasa ya jina imeandikwa sana na sina la kuongeza. Mimi nataka kufuata wimbo wenyewe: ulipokewaje mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na ulikuja kwa mashine gani kila mara. Hiyo tarehe niliyoiweka kwenye kichwa cha habari tutaifikia. Vumilia kidogo.

Kwanza bendi. Super Mazembe hawakuzaliwa Nairobi. Walianza Zaire mwaka 1967 wakijiita Super Vox, chini ya Mutonkole Longwa Didos. Mwaka 1974 wakatua Nairobi, na hapo ndipo walipojipa jina jipya. Mazembe ni ile mitambo mikubwa ya kuchimba na kusukuma udongo. Jina zuri kwa watu waliotoka nchi ya migodi.

Hawakuwa peke yao. Baba Gaston alikuwa mjini na kundi lake, na mwaka 1976 baadhi ya vijana wake wakamwacha, wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala angekuja na Virunga baadaye. Kutoka Tanga walishafika Simba Wanyika. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na bendi za wageni kila ukigeuka.

Kwa nini Nairobi? Kuna majibu ya kimapenzi (maisha ya usiku, pesa, uhuru) na kuna jibu la fundi: mashine zilikuwa Nairobi. Studio zilikuwepo, matawi ya kampuni kubwa za kimataifa za santuri yalikuwepo, na zaidi ya yote kiwanda cha kutengeneza santuri kilikuwepo. Tanzania ilikuwa na bendi kali na redio ya taifa iliyowarekodi vizuri, lakini ili wimbo uwe santuri mkononi mwa mtu, kanda ilibidi ije Nairobi. Halafu Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Kasongo ilitoka katikati ya mtafaruku huo. Upande wa Kenya, lakini, watu walikuwa na pesa kidogo: baridi kali ya 1975 iliharibu kahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani, na mkulima wa Murang'a au Kisii akashika noti ambazo hakuwahi kuzishika.

Baadhi ya noti hizo ziliishia River Road.

Kwa msomaji ambaye hajafika Nairobi: ukishuka kutoka Tom Mboya Street (wazee wengine bado huiita Victoria Street) unakutana na River Road kabla hujafika Kirinyaga Road na Mto Nairobi wenyewe. Ni upande wa mji ambao wageni huambiwa washikilie mifuko yao. Meja Mwangi aliupa mtaa huu riwaya nzima, Going Down River Road, iliyotoka 1976, na humo utakutana na vibarua, baa na vyumba vya bei rahisi. Picha hiyo ni ya kweli. Pia ni kweli kwamba River Road na mitaa inayoizunguka ndiko biashara ya santuri ilikokuwa inachemka, na ni kazi iliyofanywa kwa akili nyingi kuliko tunavyowapa sifa.

Mwenye duka hakuwa muuzaji tu. Mara nyingi alikuwa pia mtayarishaji: analipia muda wa studio, anachagua wimbo, anaagiza kiwandani nakala chache, anaziuza juu ya kaunta, zikiisha anaagiza nyingine. Melodica, pale Tom Mboya Street, ni mfano unaojulikana wa duka lililokuwa na lebo zake lenyewe. Bendi nyingine zilikuwa na lebo zilizobeba majina yao ndani ya kampuni kubwa, na jina la Mazembe nalo liliandikwa hivyo kwenye santuri. Sisi wa programu tunajisifu kwamba tumebuni mtindo wa kutoa toleo dogo, kusikiliza wateja, kisha kuongeza. River Road walikuwa wanafanya hivyo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na walijuaje wateja wanasema nini? Spika ilikuwa mlangoni, imeelekezwa barabarani. Wimbo unapigwa, wapita njia wanasimama au hawasimami. Anayesafiri kwenda mashambani ananunua santuri mbili tatu kabla ya kupanda basi, na wiki ijayo basi hilo hilo linarudi na mtu anayeulizia ile ya Kasongo. Hakukuwa na orodha ya mauzo ya kila wiki kama waliyokuwa nayo Waingereza. Orodha ilikuwa kichwani mwa muuzaji.

Sasa tuishike santuri yenyewe, maana hapa ndipo mambo yananoga. (Wasiopenda hesabu waruke aya mbili.)

Santuri ndogo ni ya inchi saba, inazunguka mara 45 kwa dakika. RCA Victor waliitoa Marekani mwaka 1949 na dunia nzima ikaifuata. Upande mmoja unabeba dakika nne hadi tano bila kuharibu sauti. Chukua dakika nne na nusu: hiyo ni mizunguko 202 na nusu, kwenye mfereji mmoja mrefu unaojisokota kuelekea katikati. Ukitaka dakika zaidi inabidi mifereji ikaribiane, na ikikaribiana sauti inapungua nguvu. Kwa santuri ya kupigwa baani, au kwenye spika ya mlangoni River Road inayoshindana na honi za mabasi, hakuna anayetaka sauti ndogo.

Rumba ya Wakongo, kwa upande wake, haitaki kuisha dakika ya nne. Ina sehemu mbili. Ya kwanza inakwenda taratibu, hadithi inasimuliwa, waimbaji wanapokezana. Ya pili magitaa yanachangamka, maneno yanapungua, miguu inaanza kazi. Kwa hiyo wimbo mmoja mrefu ukagawanywa: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Unainuka, unageuza, unaendelea. Kuna watu waliojua nyimbo kwa upande wa pili tu, kwa sababu ndio uliopigwa wakati wa dansi. Nilipoanza kupanga mkusanyiko wa muziki wa miaka hiyo kwenye hifadhidata, jambo hili ndilo lililonisumbua kwanza. Je, hiyo ni rekodi moja au mbili? Kazi moja ya utunzi, santuri moja, pande mbili, namba mbili zilizochongwa kwenye plastiki. Programu nyingi za kuhifadhi muziki zimetengenezwa na watu ambao wimbo kwao ni kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho, na hazina pa kuliweka swali hilo.

Hadithi ya Kasongo ni ya mwanamke ambaye mumewe amemwacha na kupotelea mbali. Anamwita arudi nyumbani. Inaimbwa na wanaume, jambo la kawaida kabisa kwenye rumba, ambako mwanamume husimama akaimba kilio cha mke bila mtu kushangaa. Na mmoja wa waimbaji wa bendi aliitwa Kasongo wa Kanema, basi ukisikiliza ukijua hilo, kuna mzaha mtamu ndani yake: Kasongo yumo humo humo bendini.

Wakenya wengi hawakuwa na Lingala ya kufuata hadithi hiyo. Walichosikia ni jina likiitwa kwa uchungu, tena na tena, juu ya gitaa linalotambaa. Nadhani hiyo ni sehemu kubwa ya siri yake. Jina linaloitwa hivyo ni nafasi tupu, na msikilizaji anamweka anayemtaka: mjomba aliyekwenda Mombasa asirudi, jirani mlevi, na miaka 47 baadaye, rais.

Hapa niombe ruhusa nivuke bahari kidogo, kwa sababu kuna wimbo wa Kiingereza ambao unasaidia kuuona huu wetu vizuri.

Mwaka 1981 bendi ya The Human League ya Sheffield, vijana wa vinanda vya umeme, ilitoa santuri ndogo iitwayo Don't You Want Me. Kiongozi wao, Philip Oakey, hakuutaka. Aliuona ni wimbo dhaifu, ukawekwa mwishoni kabisa mwa albamu yao, Dare. Kampuni ikashikilia kwamba ndio utoke kama santuri ndogo, ingawa tayari nyingine tatu zilishatoka kwenye kazi hiyo hiyo. Ukatoka Novemba, ukakaa namba moja Uingereza wiki tano, ukauza nakala zaidi ya milioni moja na nusu huko peke yake, na Julai 1982 ukafika namba moja Marekani.

Nao ni wimbo wa mtu aliyeachwa, au anayeachwa. Mwanamume analalamika kwamba alimtoa mwanamke kwenye kazi ya kuhudumia baa akamfanya nyota, na sasa anamkimbia. Tofauti ni kwamba mwanamke anapewa ubeti wake na anamjibu. Kwenye Kasongo hakuna jibu. Mke anaita, gitaa linaitikia, Kasongo kimya.

Tofauti nyingine ni ngoma. Ngoma za The Human League zilitoka kwenye Linn LM-1, mashine iliyotengenezwa na Mmarekani Roger Linn mwaka 1980, ndani yake mna sampuli za ngoma halisi zilizohifadhiwa kidijitali. Mapigo yake hayatetereki. Ukiuweka wimbo huo leo kwenye programu ya kuhariri sauti, mistari ya gridi inakaa juu ya mapigo mwanzo hadi mwisho. Jaribu hivyo na rumba ya Nairobi ya 1977. Baada ya nusu dakika gridi imeshaachwa nyuma, kwa sababu mpiga ngoma ni mtu, anawasikiliza wenzake, na sehemu ya pili ikianza kupanda damu inapanda nayo. Ma-DJ wa siku hizi wanaochanganya Kasongo na midundo ya kompyuta wanalijua tatizo hili vizuri. Inabidi wauvute na kuubana wimbo kipande kwa kipande.

Kwa nini nimewachagua hao na si bendi nyingine yoyote ya vinanda? Kwa sababu ya kampuni yao. Ilikuwa Virgin, ya London. Na mwaka 1983 Virgin hao hao wakatoa albamu ya Super Mazembe, Kaivaska.

Ulikuwa msimu wake. Mwaka 1982 Island walikuwa wamemtoa King Sunny Adé wa Nigeria, tamasha la WOMAD likaanza mwaka huo huo, na kampuni za London zilikuwa zinapiga simu Afrika kutafuta nani mwingine yupo. Mazembe wakawa miongoni mwa waliochaguliwa kutoka Nairobi. Kwenye orodha kubwa za mauzo za Uingereza hawakuonekana. Walipata wasikilizaji wao, wale wenye masikio ya kutafuta, na jina likabaki. Hata jina la kuwekea muziki wao rafuni halikuwepo: kampuni ndogo ndogo za London zilikutana mwaka 1987 ndipo zikakubaliana kuuita muziki wa dunia. Bendi ilikuwa imeshavunjika tangu 1985.

Nyumbani mambo yalikuwa na utata wake. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa ipige asilimia 75 muziki wa Kenya. Agizo halikudumu. Lakini hebu fikiria kazi ya mtangazaji siku zile: Super Mazembe ni wa Kenya? Wamerekodi Nairobi, santuri imetengenezwa Nairobi, wateja wako Nakuru na Kisumu, wanalipa kodi ya nyumba Nairobi, lakini wamezaliwa Zaire na wanaimba Lingala. Ukiwa umewahi kubuni jedwali lenye safu moja ya nchi, unaujua uchungu huo.

Mapokezi ya pili ya Kasongo yalikuja kwa mashine nyingine kabisa: kaseti.

Philips waliitoa kaseti mwaka 1963, na ilichukua muda kufika kwa mtu wa kawaida. Ilipofika Nairobi ilikuta kitu kinaisubiri. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, zikaongezeka kama uyoga. Santuri huwezi kuipiga ndani ya gari linaloruka mashimo ya Jogoo Road. Sindano itacheza sarakasi. Kaseti haijali. Na kaseti ya dakika 60 inabeba nyimbo sita ndefu, zote nzima, bila mtu kuinuka kugeuza katikati ya dansi. Wimbo uliokuwa umekatwa vipande viwili ukaunganishwa tena.

Uliunganishwa na nani? Na River Road. Mtaa ule ule uliokuwa ukiuza santuri ukawa na vijiduka vya kurudufu kanda. Unampa kijana orodha ya nyimbo, au unamwachia achague mwenyewe, unarudi jioni, kanda yako iko tayari na majina yameandikwa kwa kalamu. Baadaye ikawa ni kazi ya viwandani, kanda za bandia kwa mamia zenye karatasi iliyochapishwa rangi. Mwanamuziki hakupata hata ndururu. Wengi wanasema uharamia wa kanda ndio uliouua muziki wa santuri Kenya, na kuna ukweli mkubwa humo: kampuni kubwa zilianza kufunga virago katika muongo huo, na biashara ya santuri mpya ikafa.

Lakini niongeze upande wa pili, hata kama utawaudhi wengine. Kanda za River Road ndizo zilizomweka hai Kasongo. Santuri ikikwaruzwa imekwisha, na kiwanda kikiacha kutengeneza hakuna nyingine. Kanda ilirudufiwa kutoka kanda nyingine, ikarudufiwa tena, sauti ikipungua kidogo kila kizazi, mpaka dereva wa matatu wa miaka ya 1990 akawa nayo. Aliyeiba wimbo ndiye pia aliyeutunza. Sauti tuliyokuja kuisikia safi kwenye diski, kama ile Giants of East Africa iliyotolewa na Earthworks mwaka 2001, ilikuta watu ambao hawakuwahi kuusahau.

Kile ambacho kanda ilikipoteza ni kingine, na kwangu mimi ndicho kikubwa. Ilipoteza lebo.

Itazame santuri ya zamani katikati, kile kikaratasi cha duara. Kimeandikwa jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi kwenye mabano, mtayarishaji, kampuni, namba ya katalogi. Pembeni yake, kwenye plastiki tupu karibu na lebo, kuna namba iliyochongwa ya kiwandani, moja kwa kila upande. Hiyo ni safu nzima ya hifadhidata, imebandikwa juu ya data yenyewe, haiwezi kupotea bila santuri kupotea. Wataalamu wa metadata wa leo wangelia machozi ya furaha.

Kwenye kanda ya River Road ilibaki Kasongo, labda na neno Mazembe. Mtunzi akaenda. Mtayarishaji akaenda. Namba ikaenda.

Mapokezi ya tatu, ya 2024, yakaanzia hapo ilipoachia kanda. Video nyingi ziliwekwa na watu waliokuwa na faili tu, faili lililotoka kwa faili jingine. Jina la bendi utalikuta kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, na kwa mchanganyiko wa zote mbili. Jina la wimbo lina s moja au mbili, na Virgin na wenzao wa London hawakusaidia sana hapo. Kwa jicho la mtu hayo ni makosa madogo. Kwa kompyuta inayogawa senti kulingana na jina, ni bendi kadhaa tofauti, na baadhi ya bendi hizo hazina mtu wa kuzidai hela.

Na vipande vilivyosambaa vilikuwa vya sekunde kumi na tano, ishirini. Ile sehemu ya jina kuitwa, basi. Sehemu ya pili, ambayo mwaka 1977 watu waliigeuzia santuri makusudi, wengi wa wasikilizaji wapya hawajawahi kuifikia.

Sasa tarehe.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inazitenganisha haki mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna utunzi, yaani wimbo wenyewe, maneno na sauti zake. Huo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani. Hiyo inalindwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kama Kasongo ilirekodiwa mwaka ule ule ilipotoka, hesabu haihitaji kompyuta: 1977 ongeza 50. Tarehe 31 Desemba 2027 ulinzi wa rekodi unakwisha. Asubuhi ya Januari 1, 2028, yeyote nchini Kenya anaweza kuitumia sauti ile bila kumwomba mwenye rekodi ruhusa.

Uingereza nao walikuwa na miaka 50. Wanamuziki wao wa miaka ya 1950 na 1960 walipoanza kuona tarehe zao zinakaribia walipiga kelele, Umoja wa Ulaya ukapitisha mabadiliko mwaka 2011, na tangu Novemba 2013 Uingereza inalinda rekodi iliyotolewa kwa miaka 70. Don't You Want Me, ambayo Oakey hakuitaka hata itoke, iko salama huko hadi mwisho wa 2051. Bendi mbili zilizopita mikononi mwa kampuni moja ya London, na kati ya tarehe mbili hizo kuna miaka 24.

Simo katika wanaodai Kenya iongeze miaka. Miaka 50 inatosha kabisa kwa kampuni, na nyongeza ya Ulaya imewanufaisha zaidi wenye kampuni kuliko wapiga gitaa. Kinachoniudhi ni kwamba sehemu kubwa ya miaka hiyo 50 ya Kasongo ilikuwa ya kanda za bandia, wakati hakuna aliyekuwa akilipa. Wimbo umekuja kupata masikio mengi mapya miaka mitatu kabla ya ulinzi wa rekodi kukwisha.

Utunzi lakini unabaki. Hapa ndipo lebo ya santuri inaporudi kuwa na thamani ya pesa taslimu. Kuanzia 2028 anayepiga Kasongo hadharani au kuiweka kwenye tangazo bado atatakiwa kumlipa mtunzi au warithi wake. Kenya imekuwa na vyama vya kukusanya kama MCSK ya watunzi, iliyoanzishwa 1983, KAMP ya wenye rekodi, na PRISK ya waimbaji na wapiga vyombo. Migogoro ya leseni zao imejaa magazetini na siingii humo. Nasema tu jambo la kiufundi: hata chama kiwe safi namna gani, hakiwezi kumlipa mtu ambaye hayumo kwenye jedwali. Na ili kujua haki ya utunzi inakwisha lini, lazima ujue mtunzi ni nani na alifariki mwaka gani. Kanda haikwambii. TikTok haikwambii. Kikaratasi cha duara kinakwambia.

Kasongo angalau ni maarufu, kuna watu watauhangaikia. Fikiria ndugu zake: maelfu ya santuri ndogo zilizopita River Road miaka hiyo, za Kikuyu, Dholuo, Kikamba, Kiswahili, Lingala. Zile za 1974 ulinzi wa rekodi zake umekwisha mwisho wa 2024, mwaka ule ule Kasongo ulipofufuka. Za 1975 zikafuata mwaka mmoja baadaye. Kila Januari mwaka mzima wa muziki wa Nairobi unafunguka, na mtu mwenye skana na kifaa cha kupigia santuri anaweza kuuweka mtandaoni bila hofu kwa upande wa rekodi. Ukiwekwa bila majina ya watunzi, tutakuwa tumefanya kazi ya kijana wa kaseti, ila kwa mashine ghali zaidi.

Basi kama nyumbani kwenu kuna sanduku la santuri juu ya kabati (nyumba nyingi zinalo, limefunikwa kitambaa na mtungi wa maua juu yake), usianze na sauti. Anza na simu. Piga picha lebo ya upande A na ya upande B, zote mbili, hata kama zinaonekana sawa, maana mtunzi wakati mwingine ameandikwa upande mmoja tu. Kisha inamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha usome namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo. Iandike kama ilivyo, pamoja na herufi na vistari. Usirekebishe tahajia ya jina la mtu hata ukiona wazi imekosewa; weka ilivyoandikwa kwenye safu moja na unavyodhani ni sahihi kwenye safu nyingine. Sauti unaweza kuinakili mwakani. Karatasi ya lebo inaliwa na unyevu, na wino wa miaka ile haukuwa mzuri.